Mizani Bila Maneno: Shajara ya Albamu ya Lamu

Siku ya 1

Basi la Mombasa lilitushusha Mokowe saa nane mchana, boti ikatufikisha Lamu maji yakiwa yametoka, tukapanda ngazi za gati zenye ukoga huku kila mtu akimshika mwenzake bega. Vifaa: kinasa sauti kimoja cha mkononi, maikrofoni mbili, kompyuta iliyopasuka kioo pembeni, hedifoni, waya kupita ninazohitaji, na visahani sita vya piezo nilivyonunua kwa fundi redio, vile vinavyolia ndani ya saa ya mezani. Nyimbo zilizokamilika: hakuna. Zilizoanzwa: hakuna. Mpango: albamu moja kabla kaskazi haijashika.

Shangazi alifungua mlango, akayatazama mabegi kabla ya kunitazama mimi. "Umekuya kukaa au kuuza redio?"

Niandike sababu mara moja nisiirudie. Miaka 11 nimeishi kwa kuandikia watu nyimbo. Harusi, kampeni, sabuni, unga, na taarabu za waimbaji ambao jina langu halitajwi popote kwenye kazi zao. Mwezi wa sita niligundua kwamba wimbo wa harusi niliompelekea mteja mmoja ulikuwa, neno kwa neno, ule niliomwandikia mwingine mwaka uliotangulia. Sikuunakili. Niliutunga upya usiku kucha nikiamini ni mpya. Waridi lilikuwamo, lulu ilikuwamo, asali ilikuwamo. Wateja wote wawili walilipa na kushukuru. Tangu siku hiyo nikishika kalamu, mkono unakwenda wenyewe kwenye waridi, nami naiweka chini.

Siku ya 4

Nimelala siku tatu. Leo nimeoga.

Daktari niliyemwona kabla ya kuja aliniambia kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya ICD-11 iliyopitishwa 2019, linauhesabu uchovu wa aina hii kuwa jambo la kikazi, si ugonjwa. Nilitoka pale nikiwa sina dawa wala cheti. Shangazi ana neno lake: anasema nimekuwa mbata. Kwa asiyejua, mbata ni nazi iliyokauka mpaka nyama ikaachana na kifuu. Ukiitikisa, inagonga ndani.

Siku ya 9

Leo ndiyo siku ya kwanza ya mradi, kwa kusema kweli.

Shangazi ana zaidi ya miaka sabini na bado anaitwa kuongoza vugo, ngoma ya wanawake ya harusi. Harusi zikikaribia, nyumba ya bibi harusi humtuma mtoto kuja kumwambia, na yeye hujibu "nimesikia" bila kunyanyua uso. Asubuhi mtoto alikuja. Alipoondoka Shangazi akaniambia, kama mtu anayeomba chumvi, nimtungie ubeti mmoja wa mlangoni, ule wa kumzuia bwana harusi mpaka atoe chake. Ubeti wa utenzi, vipande vinne, mizani nane nane. Ni kazi ambayo zamani ningeimaliza kabla chai haijapoa.

Nilikaa barazani mpaka adhuhuri. Niliporudi ndani nikamwambia sina neno hata moja, nikaanza kulia, jambo ambalo sikulipanga.

Hakunibembeleza. Alikuwa anachambua kunde kwenye ungo. Alisukuma taka upande mmoja, akapanga kunde nane kwa mstari, chini yake nane nyingine, mpaka mistari minne. "Haya ni makao," akasema. "Maneno ni wageni. Wageni wasipokuya, makao yapo." Kisha akayagonga yale makao kwa ukucha, moja moja, kunde hadi kunde, akivuta kidogo kwenye ya saba ya kila mstari na kuangusha kwenye ya nane. Nikasikia utenzi. Haukuwa na neno lakini ulikuwa utenzi kamili. Mtu yeyote wa Lamu angejua pa kuitikia.

Usiku nimeandika sharti za albamu. Kila kipande kifuate umbo la ushairi wetu, mizani yake na vina vyake, bila neno langu hata moja. Mahali pa kila mizani pakaliwe na sauti iliyonaswa hapa kisiwani au mwendo wa boti usiozidi saa moja. Adhana isinaswe, hilo ni la Shangazi, na hakueleza, wala sikuhitaji kuelezwa.

Siku ya 13

Kipande cha kwanza: punda.

Nilisimama siku mbili kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kinasa ndani ya kikapu, nikakusanya kwato. Punda aliyebeba mawe ya matumbawe, punda aliyebeba mchanga, punda asiye na mzigo (huyu ana haraka ya ajabu). Nikakata kila pigo la kwato, nikalipanga kwenye kompyuta: mizani 8, vipande 4, beti 12. Programu ina kitufe cha kuvuta kila pigo lifike sawasawa kwenye mstari wake. Nikakibonyeza. Nikampa Shangazi hedifoni.

Alisikiliza nusu dakika. "Punda huyu mefa."

Nilikasirika kwa muda wa chai moja, kisha nikarudi kwenye zile kunde. Lugha yetu inaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mwimbaji wa utenzi anaujua uzito huo kooni hata kama hajawahi kuutaja: katika mizani nane za kipande, ya saba ndiyo inayobeba. Mimi nilizigawa zote nane sawa, kama vigae vya sakafuni. Nikaondoa ile mistari ya programu, nikarudisha kila kwato mwendo wake wa barabarani, kisha nikarefusha ya saba tu, wakati mwingine kwa kuchagua kwato ya punda mwenye mzigo mzito, inayokokota kidogo kabla ya kunyanyuka.

Saa saba usiku punda akaanza kusema. Sijui anasema nini. Lakini anasema kwa Kiswahili, hilo nina hakika nalo.

Kilichokamilika: kimoja, dakika 5.

Siku ya 20

Bamvua. Maji yalijaa mpaka kwenye vizingiti vya baadhi ya maduka ya mbele. Binamu yangu alinipeleka kwa boti mikokoni nisikilize chini ya maji.

Haidrofoni ya dukani ni ghali, kwa hiyo nilitengeneza yangu: kisahani cha piezo, waya uliolehemiwa, puto, gundi ya silikoni, na jiwe la kuzamishia. Niliishusha kati ya mizizi. Hedifonini palikuwa na kelele ya bajia zikikaangwa, sufuria baada ya sufuria, pande zote. Ni kamba wadogo wanaofyatua gando lao. Kila mfyatuo ni mlio mmoja, nao wako maelfu. Sauti majini husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na kwa kisahani kimoja masikio hayakujua kelele inatoka wapi. Binamu alivaa hedifoni akacheka mpaka boti ikayumba. Miaka yote anatega hapo na hakuwahi kuwasikia.

Sasa habari mbaya. Silikoni ilikuwa haijakauka vizuri (nilisubiri usiku mmoja, pakiti inasema siku mbili). Maji yaliingia kwenye waya, na mimi nikaukunja waya ule mbichi juu ya kinasa. Chumvi ikafanya kazi yake. Kinasa kimekufa. Kwenye kadi nimeokoa dakika 9 za kamba. Kazi yote ya siku mbili zilizotangulia, sokoni na kwa mafundi seremala, imepotea kwa sababu nilikuwa sijaihamisha.

Nilimwambia Shangazi nadhani mradi umefika mwisho. Akanituma tangawizi.

Siku ya 22

Nimepata kinasa cha kuazima kwa kijana anayepiga picha za video za harusi. Sharti lake: nikirudishe kila Alhamisi na Ijumaa. Kwa hiyo albamu sasa ina wikendi.

Siku ya 26

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Siku bora mpaka sasa.

Nilikwenda kutafuta nyundo na nikapata somo. Jahazi lilikuwa limepandishwa juu, fundi mmoja na mwanafunzi wake wakilikalafati. Pamba inasokotwa kama uzi mnene, inalazwa kwenye mwanya kati ya mbao mbili, kisha inasindiliwa kwa chuma bapa na nyundo ya mti. Niliomba ruhusa. Fundi aliuliza kama nitamrekodi akizungumza, nikasema hapana, nyundo tu. Alifurahi. Watu wengi huja kumhoji, akasema, na wote wanauliza maswali yale yale.

Nilipovaa hedifoni nikasikia jambo ambalo kwa masikio matupu lingenipita. Pigo la kwanza kwenye mwanya mtupu ni zito na butu. Pamba inavyojaa, sauti inapanda na kukauka, mpaka pigo la mwisho linalia kama mlango wa mninga. Nilipomwuliza fundi anajuaje kwamba mwanya umeshiba, alinitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kwamba amekula. "Husikii?" Mwanafunzi wake hasikii bado, anasindilia, kisha anamtazama mwalimu usoni.

Hii ina maana kila mwanya ni muziki unaopanda wenyewe. Nimeukata kwa mizani ya ukawafi, 15 kwa mshororo, vipande vitatu vya 6, 4 na 5. Umbo lile ni la ajabu: unapanda ngazi ndefu, unapumua kwenye fupi, kisha unashuka ya katikati. Nyundo ya kalafati inakaa humo kana kwamba ilizaliwa humo. Sikuhitaji kubadilisha urefu wa sauti hata moja. Kila mshororo ni mwanya mmoja wa jahazi, tangu mtupu mpaka ulioshiba.

Jioni nilimsikilizisha fundi kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema mshororo wa tatu bado unavuja.

Nimeurudia kwa mwanya mwingine. Alikuwa sahihi.

Siku ya 33

Kazi ya chumba. Wasiopenda mambo ya mafundi mitambo waruke.

Nyumba ya Shangazi ni ya mawe, ya zamani, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba kama vyote vya mtaa wa Mkomani, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti haiwi ndefu kuliko mti wake. Chumba ninachofanyia kazi kina upana wa mita 2.5. Sauti ikigonga kuta mbili zilizotengana kiasi hicho, inajirudia na kujijaza karibu na hezi 68, na ngoma yoyote nzito ninayoichanganya humu inavimba kama unga wa mahamri. Nikiisikiliza nje ya chumba, haina tumbo. Wiki nzima nilikuwa napunguza mlio ambao haumo kwenye wimbo, umo ukutani.

Suluhisho: magunia manne ya makumbi ya nazi kwenye pembe, godoro limesimamishwa nyuma yangu, na mabuibui ya zamani ya Shangazi yametundikwa mbele ya zidaka. Si studio, lakini sasa chumba kinasema ukweli.

Halafu nikafikiri: kwa nini nikifukuze? Nimeweka spika chumbani, nikatoa magunia, nikapiga mlio wa hezi 68 ukutani kwa vipande vya shairi, mizani 16 kwa mshororo, ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili. Maikrofoni iko upande wa pili. Kinachosikika ni nyumba inayoguna. Kipande cha nne. Shangazi aliingia katikati akidhani ni tetemeko.

Siku ya 41

Simu kutoka Mombasa. Wakala wa mgombea fulani anataka wimbo wa kampeni, dakika tatu, jina litajwe mara 12, neno "maendeleo" lisikosekane. Pesa nzuri, nusu mbele. Nina deni la nyumba la miezi miwili. Nikakubali. M-Pesa ikaingia kabla sijakata simu vizuri.

Siku ya 43

Jina lina mizani tatu. "Maendeleo" ina tano. Zinatoshea kipande kimoja barabara, nane kamili, na hilo ndilo lililonitisha. Mkono ulikuwa unakwenda. Nilikuwa na beti mbili na kiitikio kabla ya magharibi, na sikukumbuka kuziandika.

Nimerudisha pesa. Makato ya kutuma yamenihusu mimi. Wakala ameniita majina ambayo yangefaa wimbo.

Sikumwambia Shangazi, naye usiku akaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka chumbani, jambo ambalo halifanyi kamwe. Kula ni barazani. Mwenye deni la nyumba nimemwomba asubiri mpaka mwisho wa mwaka. Amesema "sawa" kwa sauti isiyo sawa.

Siku ya 49

Tatizo la vina.

Mizani inaweza kubebwa na sauti yoyote. Kina je? Kina ni mlio mmoja unaorudi mwishoni mpaka sikio linausubiri. Nilikuwa nimeweka kila kipande kina chake: punda anamaliza kwa kwato iliyoteleza kwenye jiwe, kalafati kwa pigo kavu. Lakini utenzi una kina cha bahari, kile cha mwisho wa kila ubeti, kinachopita kutoka mwanzo hadi mwisho na kuzifunga beti zote ziwe kazi moja. Albamu yangu ilikuwa haina bahari. Nilijaribu upatu: unashtua. Nikajaribu mnyororo wa mlango: unasikika kama filamu ya kutisha.

Shangazi alikuwa anatawadha. Kata ikaingia kwenye birika (tangi la maji la chooni), ikameza maji, ikatoka. Mlio mmoja, kama neno linalokwisha kwa "u". Nikamwomba arudie. Akarudia, akauliza nani amenifundisha kurekodi watu chooni.

Nimenasa kata mara 60 na zaidi, birika likiwa limejaa, nusu, na karibu kuisha. Samaki wadogo wanaokula viluwiluwi wa mbu hawakufurahi. Sasa kila ubeti wa kila kipande unamalizikia ndani ya birika lile, na kadiri albamu inavyoendelea, maji yanapungua.

Siku ya 52

Harusi. Vugo lilipita usiku, wanawake wakiwa na pembe za nyati na vijiti, Shangazi mbele. Sikunasa chochote. Mambo ya wanawake wakiwa wenyewe hayatoki nje, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mikono yangu ilikuwa na pembe.

Sasa ule ubeti. Juzi nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi, sifikirii lolote, ukanijia mzima. Nilimwambia Shangazi kwa mdomo, nikiona haya:

Mlango una komeo
Funguo ninazo yeo
Asije na mazoeo
Atoe cha mfukoni

Alitikisa kichwa, hakusema zuri wala baya. Usiku wa harusi, pale mlangoni, nikamsikia anauimba. Alipofika kipande cha tatu akaimba "Bwana hapiti kwa cheo." Ukumbi ulilipuka, maana bwana harusi ana ofisi yenye bango. Alitoa noti mara tatu kabla hatujafungua. Kipande changu kilikuwa sahihi kwa mizani na kwa kina. Chake kilimjua mtu aliyesimama pale.

Hakuna aliyeuliza ubeti ni wa nani. Sitauweka kwenye albamu, hauna kazi humo.

Siku ya 53

Wanawake wanne wa jana walikubali kuja kiwandani, yaani uani, kwa Shangazi, wakiwa na pembe peke yake, bila kuimba. Tumenasa saa mbili. Bila nyimbo, walipotea mara ya kwanza. Mikono haikujua iende wapi. Shangazi akawaambia waimbe ndani ya vifua vyao midomo ikiwa imefungwa. Mara moja wakashikana. Ukisikiliza kwa makini unasikia pumzi zao zikikatika pale neno lingekatika. Nimeziacha pumzi. Ndizo sehemu ninayoipenda zaidi kwenye albamu nzima, na ndizo ambazo kijana wa video aliniambia nizisafishe.

Siku ya 60

Kikao cha kusikiliza. Shangazi kwenye kiti cha enzi (ndicho, cha mpingo na kigoda chake cha miguu, hakaliwi na mtu siku za kawaida), hedifoni juu ya ushungi.

Punda: alitikisa kidole mpaka mwisho. Kamba: "Muda wote ni kukaanga tu?" Nilikuwa nimekipa dakika 11, kwa sababu niliteseka kukipata. Akasema mateso yangu hayasikiki humo, kinachosikika ni mafuta. Nimekikata kimebaki sita. Kalafati: hakusema kitu, akataka kirudiwe. Chumba kinachoguna: alivua hedifoni, akasema anakisikia bila hedifoni, akavaa tena.

Kipande cha saba ni tumbuizo refu, lisilo na mizani ya kuhesabu, la injini ya boti inayokuja kutoka mbali mpaka gatini. Nilikinasa nikiwa nimelala kifudifudi kwenye ngazi saa kumi usiku. Humo alisinzia. Injini ilipofika karibu akafumbua macho, akauliza, "Hawayafika?" Alidhani ni binamu yangu na wenzake wanarudi kuvua. Akanyanyuka kwenda kuweka chai jikoni kabla sijawahi kumwambia kitu, nami nikaenda nyuma yake nikamsaidia kuwasha jiko. Tukainywa.

Siku ya 66

Kaskazi imeingia. Upepo unapiga maikrofoni hata nikizifunga manyoya ya mbuzi. Nimeshukuru, sasa siwezi kunasa tena hata nikitaka. Nimetupa vipande viwili (soko, na kimoja cha wachanja mbao ambacho kilikuwa kalafati iliyovaa kanzu). Zimebaki saba, jumla dakika 41.

Nilikwenda makumbusho kuitazama siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu, imelala nyuma ya kioo. Nilisimama mbele yake na kinasa mfukoni kikiwa kimezimwa. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku ya 71

Mchanganyo wa mwisho umekwisha. Kilohezi 48, biti 24, nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski, moja kwa binamu ambaye hajui ni nini na ameiweka kwenye boksi la ndoana. Siku ya 20 ilinifunza. Kinasa nimekirudisha kwa mwenyewe pamoja na kilo mbili za kamba, wa kuliwa.

Mwenye nyumba amepiga simu. Mwisho wa mwaka umefika kabla yangu.

Siku ya 74

Shangazi anataka albamu yake, naye hana simu ya kusikilizia wala hataki. Ana redio-kaseti iliyofungwa kwa mpira pembeni, na kanda kwenye sanduku la biskuti: taarabu za Zein l'Abdin na Juma Bhalo, mawaidha, na nyingine zisizo na jina. Nimezunguka mji mzima kutafuta kaseti tupu. Muuza duka mmoja alimwita mwanawe aje anione.

Shangazi akatoa moja ya zile zisizo na jina. "Pigia humu."

Niliisikiliza kwanza. Ni harusi, zamani, sijazaliwa au nimezaliwa karibuni. Pembe, na sauti moja nyembamba juu ya zote, kali kama wembe. Ni yeye. Nikamwambia sifuti hii. Akasema imekaa miaka mingi na hakuna aliyeisikiliza, mashine ikikaa na njaa inakufa. Tukapatana: nimehamisha pande zote mbili kwenye kompyuta kwanza, upande A haugusiki, albamu inapigwa upande B.

Ili kaseti ya aina hii ikubali kurekodiwa unaziba tundu la nyuma lililovunjwa kilimi chake. Selotepu ilitosha. Upande una dakika 45, albamu ni 41. Nimepiga kwa mwendo wake, nikakaa kando kusikiliza. Boti ikafika gatini, kata ikaingia kwenye birika lenye maji kidogo kabisa, kimya cha sekunde mbili, kisha ile harusi ikarudi katikati ya wimbo, wanawake wote kwa pamoja, pembe zikigonga.

Nikasogeza kidole kwenye kitufe ili nizifute zile dakika nne za mwisho zibaki tupu.

"Wata," yaani acha, Shangazi akasema kutoka jikoni. "Ziwate."